Kulinda Pembe ya Vioo

Jumatatu, 4 Machi
Ijumaa Mhandisi Mkuu atachagua fremu ya darubini itakayorushwa angani kupima mahali hasa pa kila nyota. Ziko mbili: yangu na ya shemeji, kaka wa mke wangu. Kazi ya fremu ni kushika vioo viwili visibadili pembe. Pembe ikisogea chembe tu, nyota zote zitaandikwa mahali pasipo pao. Yangu imetulia tuli. Ya shemeji inachezacheza. Nimemwonea huruma. Si sana.

Jumanne, 5 Machi
Nimemkuta shemeji chumba cha majaribio, kaiinamia fremu yangu. Eti anaisifu! Nani husifu fremu ya mpinzani wake? Kuanzia kesho nailinda mwenyewe. Mke wangu kasema kaka yake hana neno na mtu, nile nikalale.

Jumatano, 6 Machi
Nimeshinda ubavuni mwa fremu. Kiti, sweta, chupa ya chai. Shemeji hakutia mguu. Jioni natazama kompyuta inayopima pembe: imesogea! Nikiwa palepale! Jamaa huyu hatari. Sijui kapitia wapi.

Alhamisi, 7 Machi
Nimesogeza kiti karibu zaidi. Nilipolemewa na usingizi nikaikumbatia kabisa. Pembe imekwenda mrama kuliko jana. Shemeji kachungulia mlangoni, kauliza taratibu kama sioni kwamba mwili wangu una joto, na chumba kile hakitaki joto. Nikamwambia akaangalie yake. Anataka nitoke! Nimemsoma.

Ijumaa, 8 Machi
Aibu. Mhandisi Mkuu kanitoa kwa mkono, mimi, kiti na chupa, akafunga mlango. Tukangoja. Mstari wa pembe kwenye kompyuta ukanyooka kama uzi. Shemeji akatazama viatu vyake.

“Fremu yako ni nzuri kuliko ya shemeji yako,” Mhandisi akasema. “Kinachoiharibu ni wewe. Ikitulia hadi Jumatatu, naichukua. Usiisogelee.”

Nimeshinda! Karibu.

Jumamosi, 9 Machi
Sikulala vizuri. Fremu iko peke yake, na shemeji anajua iko peke yake. Mke wangu kaniapisha nisitoke nyumbani. Nimeapa. Mlinzi wa ofisi kaniazima ufunguo wa chumba cha majaribio.

Safari hii nimejipanga kisayansi. Tatizo ni joto? Basi nitajifunika blanketi zito, joto langu nibaki nalo mwenyewe.

Chai nimechukua chupa mbili.