Mke Wangu Amepona Kupita Kiasi

Alexandria, Jumanne

Kwa Daktari Shahira, bingwa wa ubongo,

Mimi ni Lutfi Darwishi, mwalimu mstaafu wa jiografia. Nina miaka themanini na mitatu, na nusu ya moyo wangu imeshaaga. Kabla nusu ya pili haijafuata, naomba kwa heshima umrudishe mke wangu Insafu alivyokuwa.

Kwa miaka arobaini dawa zilishindwa kuzuia kifafa chake. Wewe ukapitisha mwale wa moto kwenye tundu dogo kama dengu katika fuvu lake, ukaunguza pale kilipokuwa kikianzia, na siku ya pili akarudi nyumbani akidai molokhia, ule mchuzi wetu wa mboga, kwa nyama ya sungura. Kifafa hakijaonekana tena. Ulituonya kwamba hisia zake huenda zikayumba. Nikajibu, "Ziyumbe tu." Sikujua nisemalo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Analia. Alimlilia sungura wa ile molokhia, kisha akala mapaja yote mawili.

2. Haogopi mtu. Msibani alimwambia mjane wa jirani, "Pole, mwanangu, lakini sasa utalala." Kibaya zaidi, mjane alicheka.

3. Ana hasira. Juzi nilimuuliza chumvi iko wapi. "Wee mzee wa ramani," akafoka, "dunia nzima unaijua, jikoni kwako hupajui!"

4. Anakumbuka. Hili litaniua kabla ya moyo. Zamani kifafa kikimwangusha, siku nzima ilimfutika, nami nilimwambia, "Jana ulikubali, umesahau tu." Ndivyo "alivyokubali" niuze cherehani ya marehemu mama yake. Ndivyo "alivyokubali" asiende kwa dada yake mjini Tanta miaka tisa. Hakukubali hata kimoja, Daktari. Sasa hakuna siku inayofutika, na ameanza kunihoji juu ya zile za zamani.

Naomba basi umpe kifafa kimoja tu, kidogo, cha kutosha kuyasahau maswali hayo, nife nikiwa bado mume mwema.

Wasalimie wauguzi wote, hasa yule aliyemnyoa kwa upole.

Wako mtiifu katika masharti yote ya dawa, isipokuwa la chumvi,

Lutfi Darwishi

Nyongeza: Mikono yangu inatetemeka, kwa hiyo barua hii nimeitamka tu, aliyeiandika ni Insafu. Sikuwa na njia nyingine ya kumwambia. Kwenye namba nne aliweka kalamu chini, akalia. "La cherehani nilijua siku zote, Lutfi," akasema. "La dada yangu sikulijua." Nimemwomba radhi. Ombi langu nalifuta, Daktari. Mwache hivi hivi. Ameishika tena kalamu, ameandika yote hadi hapa, na kunijibu: "Nitafikiria. Na usithubutu kufa kabla sijamaliza."