Uzinduzi Mbele ya Mlango wa Darasa la Pili

(Kibaraza cha shule ya msingi, saa nne asubuhi. Mheshimiwa Mratibu Mkuu Mwandamizi wa Mageuzi ya Kidijitali anasimama, mgongo ameupa mlango wenye kufuli na kibao kipya. Anagonga kipaza sauti mara tatu. Kinapiga yowe. Anaridhika.)

Mwenyekiti wa kamati ya shule, makamu mwenyekiti wa kamati ya shule, mwenyekiti wa kamati ndogo ya mapokezi, ambaye naona ndiye makamu yuleyule, lakini vyeo ni viwili na heshima nazo lazima ziwe mbili, mwalimu mkuu, walimu wengine ambao si wakuu, wataalamu nilioongozana nao katika magari manne, dereva wangu, na madereva wengine kwa kufuata ukubwa wa magari yao, wazazi wa kike, wazazi wa kiume na wazazi watarajiwa, wanafunzi wa madarasa yote, nikianzia la saba na kushuka kwa mpangilio hadi la kwanza, bila kusahau darasa la pili, ambalo naambiwa limekaa chini pale ukutani mwa choo, kwenye kivuli, mabibi na mabwana, hamjambo? Nimesema, hamjambo? ("Hatujambo.") Hiyo hatujambo imelala. Hamjambo? ("Hatujambooo!") Sasa hiyo ndiyo hatujambo ya kidijitali.

Kabla sijaanza kusema, naomba niseme. Mimi ni mtu wa vitendo, na katika vitendo vyangu vyote, kusema ndicho ninachokifanya vizuri zaidi. (Makofi kutoka kwa wataalamu.) Nimehudhuria warsha arobaini na moja, semina ambazo kwa unyenyekevu sikuzihesabu, na kongamano moja la siku tisa ambako tulikubaliana kwa kauli moja kukutana tena, na ni huko, ndugu zangu, baada ya chai ya saa nne, ndiko nilikopata vishen, yaani maono, nikaiweka kwenye stratejia, stratejia nikaiweka kwenye fremuweki, fremuweki nikaiweka kwenye mkoba, ya kwamba mtoto wa mnyonge naye ana haki ya kubofya.

Nyuma yangu hapa mnaona mlango. Msiuite mlango. Ni lango la kuingilia karne hii, na ndani yake imo Maabara Unganishi ya Ujifunzaji wa Kidijitali, ambayo hapo zamani, katika enzi za ujinga, yaani mwezi wa kwanza mwaka huu, ilikuwa chumba cha darasa la pili. Tulikihitaji, tukakichukua, tukakifunga kufuli, tukapaka madirisha rangi nyeupe kwa ndani ili vifaa visione haya kutazamwa, na huu sasa ni mwezi wa nane chumba kikiwa katika hali ya utayari usioyumba. Madawati ya watoto, kwa wale wanaopenda kuuliza, yako kwenye mchakato wa maboresho, na mchakato ukiwa mzuri hauulizwi utaisha lini.

(Bibi mmoja mwenye mjukuu darasa la pili: "Tufungulie tuone basi!")

Bibi yangu, kuona ni hatua ya nne. Hatua ya kwanza ni uhamasishaji, ya pili ni kuwahamasisha wahamasishaji, ya tatu ni tathmini ya hamasa, ndipo tunakuja kwenye kuona, tena kwa awamu, tukianza na wataalamu kuona kwa niaba yenu. Haraka haraka haina baraka.

(Bibi: "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza!" Kicheko kirefu.)

Nashukuru sana kwa methali hiyo. Karani, iandike chini ya kichwa cha habari "Maoni Chanya ya Wadau".

Tuje kwenye takwimu, maana mimi bila takwimu sipati usingizi. Asilimia tisini na sita nukta tatu ya wanafunzi wa shule hii wamefikiwa na teknolojia, na asilimia iliyobaki haikuwapo shuleni siku wataalamu walipopita na gari. Uelewa wa kompyuta umepanda mara tatu kutoka pale ulipokuwa, na kwa kuwa hatukupima ulipokuwa, hakuna anayeweza kubisha. Kiwango cha vifaa kuharibika ni sifuri. (Anarudia, akinyoosha kidole.) Sifuri! Nimezunguka shule nyingi, nimekuta kompyuta zimejaa vumbi, projekta zimeungua, panya wamekula waya. Hapa, katika miezi minane, hata kitufe kimoja hakijang'oka. (Wataalamu wanasimama na kupiga makofi. Mwalimu mkuu anapiga makofi akiangalia viatu vyake.)

Wapo wanaosema sisi hatumsikilizi mwalimu. Uongo mtupu. Ofisi yangu imetunga Fomu ya Tafakuri ya Mwalimu Kuhusu Matumizi ya Teknolojia ya Kidijitali Darasani, na ili kumpunguzia mwalimu mzigo wa kutafakari, tumeijaza sisi wenyewe, tukamwachia nafasi ya sahihi. Ninayo hapa ya mwalimu wa darasa la pili, yule dada aliyesimama na watoto wake pale ukutani. Punga mkono, mwalimu. (Hapungi.) Ana haya. Nawasomea: "Mimi, mwalimu, natafakari kwamba kabla ya maabara nilikuwa nikifundisha kwa chaki na matumaini, na sasa nafundisha kwa intagresheni. Wanafunzi wangu wana macho mapya. Shukrani zangu kwa Mheshimiwa hazielezeki, ila zimeelezwa katika kiambatisho." (Makofi.) Mnasikia lugha hiyo? Nililia nilipokuwa naiandika, yaani nilipokuwa naisoma.

Na naona ameguswa kiasi kwamba ameendelea nyuma ya karatasi kwa mkono wake mwenyewe. Nitayasoma yote mbele yenu, maana mimi kusifiwa sikuogopi. (Mwalimu mkuu anakohoa.) "Mheshimiwa, yaliyo upande wa mbele si yangu. Yangu ni haya. Nina watoto sabini na mmoja. Asubuhi tunasomea ukutani mwa choo, jua likigeuka tunahamia ukutani mwa stoo, mvua ikija tunarudi nyumbani. Madawati tuliambiwa yamekwenda kuboreshwa. Watoto wanaandikia magotini, na mwandiko wao umelala." (Mwalimu mkuu anakohoa zaidi.) Mpeni maji mwalimu mkuu. Naendelea. "Teknolojia nimeitumia. Nilirekodi sauti za silabi kwenye simu yangu, hii yenye ufa, nikawasikilizisha. Watoto wanne waliokuwa hawajui ba wala be walisoma neno zima siku ile, nami nikageuka ukutani nikalia kwa furaha. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba napinga kompyuta. Lakini simu ilipomfikia mtoto wa thelathini chaji iliisha, na ukutani mwa choo hakuna pa kuchomeka. Watoto kumi na tisa bado hawajui kusoma. Mwisho wa mwaka kuna mtihani wa kusoma, na asiyeupita haruhusiwi kwenda la tatu. Nahitaji ubao, nahitaji mahali pa kukaa, nahitaji paa. Naomba chumba changu. Kompyuta zikija, tutazipisha."

(Kipaza sauti kinanguruma chenyewe.)

Ndiyo. (Anakunja karatasi mara nne.) Ndugu zangu, maandishi ya kitaalamu kama haya yakisomwa na mtu asiye mtaalamu yanaweza kusikika kama malalamiko, na ndiyo sababu nipo mimi. Mwalimu anasema wanasomea nje: huo, kwa lugha yetu, ni ujifunzaji usio na kuta, na kuna nchi zinalipia kuupata. Anasema wanahama na kivuli: huo ni ujifunzaji jongefu, na nauandika kwenye ripoti leo hii. Simu kupita mkono kwa mkono ni mtandao wa ndani. Chaji kuisha ni ushahidi wa matumizi makubwa. Na hao kumi na tisa wasiojua kusoma, jamani, kompyuta ya kisasa inamsomea mtu yenyewe, sasa kusoma kuna haraka gani?

(Bibi: "Mjukuu wangu ni mmoja wa hao kumi na tisa! Anarudi nyumbani kapakata kitabu, ananiuliza mimi. Mimi nimesoma wapi?")

Bibi, swali lako ni zuri, na litajibiwa kwa maandishi.

(Bibi: "Sasa nani atanisomea hayo maandishi?" Kicheko, kisha kinakatika.)

(Mwalimu wa darasa la pili, kutoka ukutani: "Mheshimiwa, sitaki majibu marefu. Naomba ufunguo tu.")

Ufunguo! Mwalimu, dunia imeshaachana na funguo, sisi tunazungumzia nywila, wewe bado uko kwenye vyuma. Tena naona una kipaji cha kuandika nyuma ya fomu za serikali, na kipaji kama hicho hakistahili kukaa kituo kimoja. Subira yavuta heri. Ukiandika upya tafakuri yako upande mmoja tu, ule wa mbele, nitakuteua kuwa Balozi wa Kidijitali, na utapewa fulana. Ukikataa, barua ya uhamisho hujazwa haraka kuliko fomu. (Minong'ono kwa wazazi.) Sikutishi. Nakuunganisha na fursa.

(Mwalimu: "Fulana wape wataalamu. Mimi niachie watoto niwafundishe wasome.")

Karani, andika: "Mwalimu amepokea uteuzi kwa hisia."

Nimalizie, maana naona jua linawafuata darasa la pili na wameanza kuhama. Nikisema "Kidijitali", semeni "Kwa kila mtoto". Kidijitali! ("Kwa kila mtoto.") Bofya! Semeni "Tubofye". Bofya! (Wataalamu peke yao: "Tubofye!") Maabara! Semeni "Oyee". Maabara! (Mtoto mmoja: "Iko wapi?") Mtoto huyo ana akili, apewe fulana.

Sasa shukrani. Namshukuru mchora vibao kwa kibao hiki chenye herufi za dhahabu. Namshukuru mpaka rangi wa madirisha. Nawashukuru wataalamu kwa picha za kompyuta zilizomo kwenye ripoti, picha nzuri mno, huwezi kujua zimepigwa wapi. Na hapa natoka nje ya karatasi, kwa sababu moyo umejaa, nimshukuru mlinzi wa maabara hii, mzee wetu huyu pembeni yangu, aliyefunga ufunguo shingoni kwa kamba kama nilivyomwagiza, na kwa miezi minane hakumfungulia mtu, hakuchungulia, hakuuliza. Wezi walivunja stoo, wakavunja hata ofisi ya mwalimu mkuu, hapa hawakusogea. Mzee ni simba! (Makofi.) Na tukiongea kama watu wazima, ndugu zangu, hata wangevunja wangeambulia nini? (Anaanza kucheka.) Wangekuta madawati ishirini na nne ya darasa la pili, yamepangwa vilevile kama siku tuliyofunga, na hesabu za mwalimu bado zimo ubaoni! Hakuna kompyuta iliyonunuliwa, hakuna iliyoagizwa, hata barua ya kuomba haijachapwa. Mradi mzima ni kibao na kufuli, na bado tumeuzindua kwa mafanikio haya! Asanteni sana kwa kunisikiliza!

(Anacheka peke yake. Wataalamu wanatazama magari. Mlinzi: "Kumbe nalinda madawati?")

Mzee wangu, ulikuwa ni mzaha wa jukwaani.

(Mlinzi anavua kamba shingoni. Mwalimu wa darasa la pili anakuja kutoka ukutani, watoto sabini na mmoja nyuma yake.)

Mzee, ufunguo huo una utaratibu wake. Mzee, nakwambia kwa kipaza sauti! Mwalimu mkuu, mzuie mtu wako! (Mwalimu mkuu amekwenda kunywa maji.) Dereva! Sogeza gari! Na ninyi watoto, hapa ni eneo la wataalamu, msiingie, nasema msi...

(Kufuli linaanguka sakafuni. Mwalimu, kwa watoto: "Piteni taratibu. Msimsukume mgeni.")