Bahari Isiyosubiri Hewa

Jumatatu, 9 Juni

Mtambo mpya wa kompyuta umewashwa. Makabati manane, yananguruma kama yana njaa. Kompyuta ya zamani inazimwa Ijumaa saa sita mchana, na modeli yetu ya hali ya hewa, programu inayoiga dunia, lazima iwe imehama. Modeli ina nusu mbili. Bahari ni yangu. Hewa ni ya jirani yangu wa ng'ambo ya korido, ninayemwita Bibi Hewa (asinisikie). Kila saa ya modeli, bahari inaiambia hewa joto lake, na hewa inajibu: jua kiasi hiki, upepo kiasi hiki.

Mkurugenzi katangaza kwamba Ijumaa atachagua mkuu wa mtambo kati yetu wawili. Nimeshamwambia mama mkwe kwamba nimechaguliwa. Kutangulia siku nne kuna ubaya gani? Alinipigia vigelegele kwenye simu. Namshukuru. Mkwe gani mwingine angemwamini mtu kama mimi?

Jumanne, 10 Juni

Balaa! Bahari yangu inakwenda polepole kuliko ilivyokuwa kwenye kompyuta ya zamani. Ile ilikuwa na mafundi wachache wenye misuli. Huu mtambo una vichakataji elfu tisa, vibarua wadogo wadogo, na wote wamesimama mikono nyuma kwenye mstari mmoja wa programu. Pembeni ya mstari huo kuna maneno ya Mwalimu, aliyeiandika bahari hii na kunifundisha kazi kabla hajastaafu: "Hapa bahari isubiri jibu la hewa. Usifute. Nakujua."

Sijui alikuwa anamwambia nani. Nimefuta. Kasi mara nne! Asante Mungu kwa akili hii.

Jumatano, 11 Juni

Wakati wa chai Mkurugenzi kanipa mkono wa pongezi mbele ya watu wote kwa ile kasi. Bibi Hewa akauliza, kwa upole wake ule unaokera, kama nimeyaangalia matokeo. Nikamjibu kwamba matokeo ni safi. Kisha nikaenda kuyaangalia.

Nusu ya bahari inachemka. Nusu nyingine ni barafu. Kumbe bahari isiposubiri jibu jipya inashikilia lile la kwanza tu. Sehemu zilizokuwa mchana jibu lile lilipofika zimepigwa jua miaka mitatu ya modeli bila kuchwa. Zilizokuwa usiku hazijaona alfajiri mpaka leo.

Kurudisha mstari ni kujiaibisha. Nikapiga moyo konde, nikabadilisha rangi za ramani. Kinachochemka na kilichoganda, vyote sasa ni buluu ya kupendeza. Nyekundu nimeiachia joto la kawaida, ambalo halikuwepo popote. Mkurugenzi kapita, akasema bahari imetulia.

Alhamisi, 12 Juni

Njia ya mwongo ni fupi. Juu ya bahari yangu, upepo wa Bibi Hewa umefika kilomita elfu mbili kwa saa, na programu yake ikakata roho. Nikamwambia bila haya kwamba kosa liko kwake. Maskini, akakagua kila mstari asubuhi nzima, bila hata kunywa chai. Alipokuja kuniomba radhi, nilishindwa. Nikakiri. Karibu yote. Rangi sikuzitaja.

Hakunisema. Alimpigia Mwalimu. Mwalimu kacheka mpaka akakohoa, akasema kwamba hata yeye aliufuta mstari ule, miaka thelathini iliyopita, akaigandisha dunia. Ndipo akatupa dawa: bahari isubiri, ila vibarua wasikae bure. Vilindi havihitaji jibu la hewa kila saa, basi wafanye kazi ya vilindi wakati uso wa bahari unasubiri.

Tumekaa meza moja hadi jioni, mimi na Bibi Hewa. Kasi mara mbili na nusu, na matokeo yanalingana na yale ya zamani! Nilitaka kulia. Watu hawa wawili wamenisitiri na sikustahili.

Ijumaa, 13 Juni

Saa nne, ukumbini. Ramani ikawaka. Bahari yote nyekundu! Nilisahau kurudisha rangi. Mkurugenzi akauliza kama dunia inaungua. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Bibi Hewa akainuka, akasema kwamba hizo ni rangi za majaribio, akazirekebisha kwa dakika moja. Halafu akawaambia wote kwamba kazi ya vilindi niliifanya mimi.

Yeye ndiye mkuu. Mimi ni msaidizi wake. Nimefurahi kweli, hata mimi nashangaa.

Nyumbani nikamkuta mama mkwe na kibao cha mbao cha kuweka mezani kwangu: MKUU WA MTAMBO. Ikabidi niseme ukweli. Akakigeuza kibao huku na huku, akasema kwamba hapo juu imebaki nafasi ya kuchonga MSAIDIZI WA. Mungu ampe maisha marefu.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeamka nikiwaza namna ya kumshukuru Bibi Hewa. Zawadi ya dukani haitoshi kwa mtu kama yule. Nimefungua programu yake hapa nyumbani, nimfanyie jambo kimyakimya. Nimelipata! Kuna mstari ambapo mawingu yote yanasubiri mvuke. Vibarua elfu tisa, mikono nyuma! Pembeni kaandika maneno, tarehe ya jana: "Mawingu yasubiri. Usifute, jirani."

Sijui anamwambia jirani gani. Nimefuta. Kasi mara tatu!