Rashadi Nyuma ya Pazia

Jumatatu, 3 Juni
Siku ya kwanza ya likizo. Mke wangu katoka hospitali Ijumaa na hali chakula. Kijiko cha kwanza, cha pili, anasukuma bakuli. Anasema kila kitu kina ladha ya karatasi. Mimi ni karani wa masjala, karatasi nazijua, lakini sikucheka.

Dada yake mkubwa kahamia kwetu na kuliteka jiko. Nimempachika jina la Mkaguzi Mkuu. Anapika supu kutwa, na nikisogea ananiambia shemeji kaa kando, utamwaga. Haya. Atakayemrudishia mke wangu hamu ya kula ni mimi. Nimeapa!

Muuza viungo sokoni kaniuzia mbegu za rashadi, vipunje vyekundu. Anasema vijani vyake vina ukali wa pilipili, vinaota hata juu ya pamba yenye maji, na baada ya wiki unakula. Wiki moja tu! Nimefungua jalada.

Jumanne, 4 Juni
Nimeziosha mbegu. Nimeziloweka, nikazisugua kama mchele. Balaa! Zimegeuka utelezi mtupu, bakuli zima. Mkaguzi kachungulia na kuuliza nani ana mafua.

Kumbe rashadi haioshwi. Inanyunyizwa tu juu ya pamba mbichi na kuachwa. Nimenunua nyingine, nimezitandaza kwenye sahani na kuzificha dirishani chumbani, nyuma ya pazia. Mke wangu kauliza nafanya nini huko. Nimesema natengeneza pazia. Kasema halijaharibika.

Alhamisi, 6 Juni
Zimeota! Shina jeupe, kichwa cha kijani. Nimezichungulia mara kumi na moja, na hiyo ni kabla ya saa nne.

Mke wangu kala vijiko vitatu. Gauni lake la bluu limekuwa kubwa, amelibana kiunoni kwa pini. Nilipoiona hiyo pini nilikwenda bafuni nikafungulia maji, nikasimama tu. Naogopa. Naandika hapa kwa kuwa hapa Mkaguzi hasomi.

Yeye naye kaigundua sahani. Kasema, tena kwa upole ulioniudhi kuliko matusi, kwamba mgonjwa anahitaji mchuzi wa mifupa, si nyasi. Nyasi!

Jumamosi, 8 Juni
Mpango kabambe. Mkaguzi alipoingia kuoga, nilikata nusu ya rashadi kwa mkasi na kuitumbukiza kwenye supu yake. Mke wangu angeila, angeisifu, na mimi ningetangaza siri. Niliiacha ichemke saa nzima ili ukali ukolee.

Haukukolea. Ulitoweka! Nilionja nikakuta maji ya moto. Naona hii mboga inataka kutiwa mwisho kabisa, sufuria ikishaepuliwa. Mke wangu alizitoa zile nyuzi za rashadi moja moja na kuzipanga ukingoni mwa bakuli. Mkaguzi alimwomba radhi sana, akidhani ni kitambaa chake cha jikoni kimechanika. Mimi nikajifanya natafuta chumvi. Naona haya. Kiasi.

Jumatatu, 10 Juni
Asubuhi nilikata tamaa. Nilikwenda dirishani kuchukua sahani nikaitupe, lakini miguu ilikuwa imechoka, nikakaa kitandani kando ya mke wangu. Nilikuwa na kipande cha mkate mkononi. Nikawa nang'oa vijani, naweka juu ya mkate, natafuna. Sikuwa na mpango wowote, naapa.

Mke wangu akanyoosha mkono. Akala kijani kimoja, akafumba jicho, akasema hii inauma. Akataka tena. Akataka na mkate. Kisha akaita kwa sauti, dada, hakuna yai? Mkaguzi alikuja mbio na mayai mawili ya kuchemsha, akasimama mlangoni akimtazama, halafu akarudi jikoni akijifuta macho kwa kanga. Mayai yote mawili yamekwisha! Sahani imebaki pamba.

Nikamuuliza kama ni ule ukali. Kasema ukali ni mtamu, ila tangu arudi nyumbani kila mtu anamletea chakula na kusimama kumwangalia anavyomeza, utadhani yuko kwenye mtihani. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu kukaa na kula naye. Kanishika mkono, kasema na kesho uje ukae, mume wangu, tule.

Nililia kidogo. Yeye pia.

Jumanne, 11 Juni
Nimeyatafakari maneno ya mke wangu na nimemwelewa vizuri kabisa. Rashadi inafanya kazi!

Sokoni mapema. Kilo mbili za mbegu, pamba mikoba miwili. Nimepanda kwenye sahani zote, sinia zote, na beseni la kufulia. Saa tatu mke wangu kaita, chai tayari, unakuja? Nikamjibu aanze tu, nina kazi yake hapa. Saa nne kaita tena. Saa tano hakuita. Nikamtuma Mkaguzi ampelekee chakula, asimame pale pale na kuhesabu vijiko.

Karudi na bakuli limejaa. Hajagusa kitu, anasema, kageukia ukutani.

Ni wazi. Beseni moja halitoshi.