Suti Iliyochoka Kabla Yangu

Jumapili, 2 Juni

Bahati imebisha hodi! Katibu wa klabu ya michezo kapita dukani. Klabu inatafuta fundi wa kuwashonea sare wanachama wote, wakubwa kwa watoto. Wote! Nilijikuta nimesimama na tepu shingoni kama askari. Akasema anafikiria mafundi wawili: mimi na jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, Fundi Mkasi. Jumamosi klabu ina trayathloni fupi: unaogelea, unapanda baiskeli, unamalizia kwa kukimbia. Sote wawili tushiriki, kila mtu na suti aliyojishonea. Suti itajieleza yenyewe.

Nikamwambia mimi na michezo ni pua na mdomo. Sijui huwa nayatoa wapi. Mtaani wananiita Zipu, eti mdomo wangu ni zipu mbovu, haufungi. Katibu alipoondoka niliketi. Nilikuwa nimeshachoka.

Mama watoto kanikumbusha jambo moja tu. Nikiikosa kazi hii, duka linafungwa na mimi nakwenda kuuza saruji dukani kwa kaka yake. Shemeji huyo huniita kwa mluzi kama mbuzi. Lazima niipate!

Jumatatu, 3 Juni

Kabla hakujapambazuka Mkasi kapita anakimbia. Kanigongea na dirisha, mshenzi yule. Nikaamka kwa hasira, nikavaa kiatu kimoja. Nikakaa kitandani kidogo kufikiria cha pili. Kuzinduka, jua liko juu na kiatu kiko mguuni.

Lakini usingizi una faida zake! Nimeamka na wazo. Wenzangu watapoteza muda wakibadili nguo kati ya mchezo na mchezo. Mimi nitashona suti moja ya michezo yote mitatu, kutoka shingoni hadi magotini, zipu kifuani, mfuko wa ndizi mgongoni. Mazoezi ya nini tena? Akili ni mali!

Jumatano, 5 Juni

Suti imekatwa! Kitambaa cha kuvutika, rangi ya chungwa, mistari myeusi ubavuni. Nimeishikiza yote kwa bandi, ule mshono wa mkono wa kupimia tu kabla ya kupiga cherehani. Nikaivaa mbele ya kioo. Jamani! Hata kitambi kimekaa kwa adabu. Cherehani nitapiga kesho, leo mgongo umegoma.

Halafu kuna hili la Mkasi kufanya mazoezi kila siku. Nimempelekea yule mteja wangu anayerudisha gauni moja mpaka kitambaa kinazeeka. Mkasi hatapata nafasi hata ya kujinyoosha. Nimecheka peke yangu mpaka sindano ikanichoma.

Alhamisi, 6 Juni

Mteja amerudi. Kwangu! Kuja kunishukuru. Gauni limemkaa mara ya kwanza, na kesho anawapeleka dada zake kwa Mkasi. Hasira zimenimaliza nguvu zote za kushona.

Jioni nimejaribu baiskeli ya mama watoto. Nimefika kilimani. Nimerudi nikiisukuma. Mama watoto akaniuliza kama suti nimeshaipiga cherehani. Nikasema bado kidogo. Akasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikamwambia hii ni suti, si nyumba.

Ijumaa, 7 Juni

Wanamichezo wote hupumzika siku ya mwisho. Mimi nimepumzika wiki nzima, kwa hiyo nimewatangulia.

Nimekaa kwenye cherehani. Sindano ya kitambaa cha kuvutika imevunjika. Duka la sindano liko mbali, na miguu lazima niitunze. Nikaivuta bandi kwa nguvu: haikukatika! Ila uzi ni mweupe, unaonekana. Nikaupaka wino wa kalamu nyeusi ya mama watoto. Nani atajua?

Jumamosi, 8 Juni

Lazima niandike yote!

Wenzangu walijitupa bwawani, mimi nikashuka kwa ngazi. Watu wakaishangilia suti! Katibu mwenyewe alikuwa anawaonyesha wenzake nani kaishona. Nikaogelea kwa maringo. Kurudi upande wa pili, nikasikia maji yananisalimu kwapani. Bandi ya kulia imeachia. Mkono wa suti ukachomoka, ukaelea, ukanipita. Sasa nilikuwa nyuma hata ya nguo yangu.

Kwenye baiskeli mshono wa mgongo ukafuata. Ndizi ikaanguka, upepo ukaingia, nikajaa kama pazia. Kilimani nilichoka, nilichoka kabisa. Nikatamani nijilaze kwenye majani. Saruji si mbaya, nikajiambia, saruji unauza umekaa. Mara trrr! Kiunoni! Nyuma yangu kuna kundi zima lililoanza baada yetu linakuja, na mimi ndiye nitakayeonekana. Nikasema miguu niponye!

Sehemu ya kukimbia nimekimbia mkono mmoja mbele, mmoja nyuma. Nikampita mmoja. Nikawapita watatu. Nikamfikia Mkasi, suti yake ya kijivu imetulia kama ya msibani. Akapiga kelele kuniuliza nakimbilia wapi. Nikamjibu nyumbani! Watu wanaita Zipu! Zipu! Sijawahi kushangiliwa hivi maishani. Machozi yalinitoka, kwa furaha na kwa woga.

Nimevuka mstari na kola, zipu na kipande cha mbele. Mama watoto alikuwa pale pale mstarini, shuka mkononi, akanifunika. Baadaye nikamuuliza alijuaje. Akasema jana kakuta kalamu yake imekauka.

Jumapili, 9 Juni

Katibu kaamua. Kazi ni ya Mkasi. Nikamkumbusha kwamba nilimtangulia Mkasi. Akakubali, ndiyo maana klabu inanitaka kwenye timu ya kukimbia, mazoezi kila alfajiri. Nikaona giza.

Nimekaa dukani bila kuwasha taa. Nimelitazama kila kabati. Shemeji kapita nje, akapiga mluzi. Niligeuka. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumanne, 11 Juni

Mkasi kaja! Kavuka barabara, kakaa kwenye stuli ya wateja. Sare ni nyingi, hawezi peke yake. Ananiomba nichukue zote za watoto, katibu amekubali. Kasema mkato wa suti yangu hajauona kwa fundi yeyote, tatizo mshono tu. Nikamwambia nitafikiria. Kabla hajafika mlangoni nilikuwa nimeshamkumbatia.

Duka halifungwi! Mama watoto kacheka mpaka kashika ukuta. Kisha kaniangalia, kasema neno moja: cherehani. Nikaapa.

Ijumaa, 14 Juni

Kesho watoto wa klabu wanashindana kuogelea, na wataanza na sare zangu. Nimezikata zote. Zimejaa meza, rangi ya chungwa tupu. Zinapendeza ajabu! Nimezipiga bandi, na uzi safari hii ni wa chungwa, hivyo sihitaji kalamu. Makosa yale sirudii. Nimeivuta moja kwa nguvu: haikukatika. Cherehani nitapiga alfajiri, sasa hivi mgongo umegoma.

Mama watoto yuko chumbani anakunja mashuka. Mengi sana. Sijui ana safari gani.