Bati, Taa na Ova Ishirini: Uzinduzi wa Gemu ya Kriketi Uwanjani Ijumbi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati nzuri ni mimi mwenyewe; Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, uliyeletwa kwa gari la pili endapo la kwanza lingeharibika Kemondo, na halikuharibika, lakini umeshakaa, kaa tu; Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati ya Maandalizi; Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati ya Kuiandaa Kamati ya Maandalizi; viongozi wetu wa dini, Walutheri kulia na Wakatoliki kushoto, kama mlivyojipanga bila kuambiwa na mtu; wazee wenye vibanja vya migomba, akina mama wenye mikeka, vijana wenye pedi za gemu; wageni kutoka Bukoba mjini mliovaa viatu visivyofaa kwa tope hili; na wewe Protase uliyenishikia kipaza sauti, kiinue kidogo, mimi si mfupi kiasi hicho. Mwasibota waitu!

(Umati unaitikia salamu hiyo ya Kihaya nusu nusu. Sauti kutoka nyuma: "Tuko hapa tangu asubuhi, tata, hata maji hatujapewa!")

Ahsanteni kwa mapokezi hayo ya kishindo. Jina langu mnalijua, lakini kwa kuwa limo kwenye ratiba nitalisema: naitwa Dokta Bartholomayo Ishengoma, udokta wenyewe ukiwa bado njiani, Mratibu Mkuu wa Wakala wa Matarajio ya Michezo ya Kidijitali, kwa kifupi WAMAMIKI, chombo pekee katika ukanda huu wote ambacho hakishughuliki na michezo, wala hakishughuliki na dijitali, bali kinashughulika na matarajio.

(Makofi kutoka meza kuu.)

Ndugu wananchi, mwaka jana, msimu kama huu wa senene, zilitufikia taarifa za kiintelijensia kwamba kuna kampuni huko ng'ambo inatengeneza gemu mpya ya video ya kriketi, na kwamba vijana wanaocheza katika banda la gemu la Bi Adventina pale Muleba mjini, pamoja na mabinti wa hapa Ijumbi wanaocheza kriketi yenyewe ya jua na nyasi chini ya nahodha wao Klaudia, wamekuwa na matarajio makubwa mno juu ya gemu hiyo, matarajio yaliyokuwa yakizagaa ovyo kutoka Rubya hadi Maruku, bila usimamizi, bila rodimapu, bila hata mhuri. Nikajiuliza kama kiongozi: je, matarajio haya yana kibali?

(Kicheko. Dokta anadhani ni makofi na anainua mkono.)

Ndipo tukaingia kazini. Tulifanya konsalteshen na stekiholda wote, tukakusanya fidibaki, na leo nasimama hapa kifua mbele kuwaambia kwamba tumekusanya matarajio elfu nne mia mbili na kumi, ambapo asilimia sitini na tatu ni matarajio ya furaha, na asilimia arobaini na nane ni matarajio yenye wasiwasi.

(Bi Adventina anasimama kwenye mkeka, kanga imefungwa kiunoni: "Hiyo ni mia na kumi na moja!")

Bi Adventina, ahsante. Mimi najua wewe umejenga banda lako kwa kuuza maandazi na unazijua hesabu, lakini hesabu za maandazi haziruhusiwi kuzidi sinia. Sisi ni watu wa kuvuka malengo.

(Meza kuu inapiga meza.)

Na kwa kuwa hatufanyi kazi nusu nusu, tuliwaahidi kwamba uwanja huu wa Ijumbi, uwanja huu mnaouona nyuma ya kamba, utaingia ndani ya gemu kama ulivyo, na mteremko wake, na ile migomba upande wa magharibi, ili mtoto aliyeko nchi za mbali akibonyeza kitufe aone Muleba. Na kwa kuwa picha nzuri inahitaji nyasi nzuri, tuliufunga uwanja kwa kamba mpaka hapo wapiga picha wa kampuni watakapofika, na nawapongeza mabinti kwa kutokanyaga humo ndani hata mara moja.

(Adventina: "Mwaka mzima, tata! Wasichana wanafanyia mazoezi kwenye kibanja cha mzee Kahigi. Wakipiga mpira wanaangusha mkungu, mzee anawafukuza kwa panga!" Mzee Kahigi, kutoka kwenye benchi: "Nimewafukuza mara mbili tu. Mara nyingine nilikuwa natazama mchezo.")

Mmesikia wenyewe, tumeongeza watazamaji. (Makofi ya meza kuu.) Na bado wapo watu wanaouliza, tena kwa ukali, "Uwanja wetu tutarudishiwa lini?" Ndugu zangu, huwezi kumrudishia mtu kitu ambacho kiko katika hatua ya juu ya utekelezaji. Mnataka kucheza uwanjani, au mnataka uwanja wenu uchezwe na dunia?

(Klaudia, amesimama na wenzake pembeni mwa kamba, viatu mkononi: "Tunataka kucheza!" Minong'ono ya kukubali.)

Huyo ni kijana, ana haraka, tunamsamehe. Sasa niende kwenye implementesheni. Mliandika matarajio yenu kwa mikono yenu, na mimi niliyasoma, au niliambiwa yamesomwa. Mlitaka gemu isiyohitaji mtandao, kwa sababu hapa mtandao unapatikana kwa kupanda kilima na kuinua simu juu ya kichwa. Hilo tumelizingatia kikamilifu, na naweza kuwahakikishia kwamba gemu hii haitatumia mtandao hata kidogo. Mlitaka umeme ukikatika gemu isianze upya. Haitaanza upya, hilo nalisema bila kupepesa macho. Mlitaka mtangazaji wa Kiswahili; mtangazaji huyo ni mimi, na nimekwisha kurekodi saa nne za pongezi kwa viongozi, kwa hiyo kilichobaki ni mpira tu. Mlitaka pia mchague bati wenyewe, nanukuu, "bati za kisasa, nyepesi, za aina mbalimbali." Mkataka mechi za usiku "chini ya taa kali." Mkataka mechi za "ova ishirini." Sasa geukeni mtazame kule ng'ambo ya uwanja.

(Umati unageuka. Ng'ambo ya uwanja, nje ya mpaka, yamesimamishwa mabati mapya yanayong'aa, chini yake mapipa, na juu yake taa kubwa kwenye nguzo. Vijana waliovaa ovaroli mpya za bluu wamesimama kando wakijikuna shingo.)

Bati hizo! Geji ishirini na nane, za rangi, hazishiki kutu! Taa hizo! Na ovaroli ishirini, kwa kuwa karani wetu alipoona mmeandika "ova" alielewa kwamba kalamu ilikuwa imewaishia njiani.

(Watu wanatazama mabati, kisha wanatazamana. Kisha Adventina, mikono kichwani: "Waitu! Bati ya kupigia mpira, si ya kuezekea!" Klaudia: "Na ova ni zamu ya kurusha mpira, mheshimiwa, si nguo!" Umati unacheka mpaka mtoto mmoja anaanza kulia.)

Bi Adventina, bati ni bati. Manunuzi ya umma hayana bati ya hisia. Mliandika "za kisasa", tumeleta za kisasa. Mngetaka gongo mngeandika gongo. Mapipa tuliyaweka ili upepo wa ziwa usiyaangushe mabati. Na hebu oneni jinsi kheri inavyomfuata mtendaji: siku tulipowasha taa kwa majaribio, bila ya sisi kuomba, senene waliteremka kutoka mbinguni wakagonga bati, wakateleza, wakaingia mapipani, pipa la kwanza, la pili, la tatu! Mtaalamu wetu akafungua kamusi papo hapo akathibitisha kwamba neno kriketi kwa Kiingereza ni jina la mchezo na pia ni jina la mdudu, binamu yake senene. Kwa hiyo watu wa midomo wanaosema tulikosea wajue hatukukosea. Tuliutekeleza mradi kwa tafsiri pana.

(Sahani za senene wa kukaanga zinapitishwa meza kuu. Harufu ya vitunguu inafika kwenye mikeka, sahani hazifiki.)

Na suala la jinsia, kwa sababu najua wafadhili wataniuliza. Mlitarajia ndani ya gemu kuwe na timu ya wanawake. Mimi sikungoja gemu. Mabinti hawa hawa wa Klaudia, tangu msimu uanze, tumewapa jukumu la kuwanyonyoa senene mabawa na miguu kila alfajiri, wote kumi na mmoja, timu kamili. Huo ndio ushiriki wa mwanamke katika kriketi.

(Klaudia: "Na hamjatuonjesha hata mmoja!")

Mila, binti yangu. Mwanamke wa Kihaya hakuwa akila senene, na sisi wakala tunalinda mila, hasa zile zinazotuachia chakula.

(Adventina, kwa sauti ya kufika barabarani: "Semeni tu ukweli: mradi umeliwa!" Umati: "Umeliwa! Umeliwa!")

Nani kasema umeliwa? (Dokta anameza, anafuta mdomo.) Umeonjwa. Kuna tofauti kubwa ya kisera kati ya mradi kuliwa na mradi kuonjwa, na tofauti hiyo ina semina yake ya siku tatu pale Bukoba mjini.

Lipo jambo moja tu ambalo limetusumbua kitaalamu. Vijana wengi waliandika kwamba wanatarajia gemu "ihesabu sita vizuri." Nikauliza sita nini? Nikaelezwa ati ni alama: mpira ukipigwa ukavuka mpaka hewani, bila kugusa nyasi, watu wote husimama na kupiga kelele, "Sita!" Ndugu zangu, sita wapi? Sita za nani? Tumeunda kikosi kazi, na mpaka kitakapoleta ripoti, nawaomba msipige kelele za namna hiyo katika hadhara rasmi.

Sasa tumefikia kilele. Mbele yangu, chini ya kitambaa hiki cha kijani, ndiyo gemu yenyewe. Protase, funua!

(Protase anafunua. Ni runinga. Kioo ni cheusi tii.)

Naam! Mnaona weusi huo? Hiyo ni mechi ya usiku, kabla taa hazijawashwa!

(Adventina anaruka kutoka kwenye mkeka: "Hiyo ni runinga yangu! Ina ufa pale kwenye kona! Mlikuja kuiazima mkasema mnaijaribu gemu, wateja wangu wanatazama ukuta! Na huo waya haujachomekwa popote!")

Huo unaitwa ubia wa sekta ya umma na sekta binafsi, na ninamwomba Bi Adventina apunge mkono ili wote mwone sekta binafsi yenyewe. (Adventina hapungi mkono. Anakwenda kuichukua runinga yake, anaikumbatia, anarudi nayo mkekani. Umati unampisha kwa vigelegele.) Mnaona alivyoipokea gemu kwa mikono miwili. Huyu ndiye mnufaika wa kwanza.

(Pembeni, Klaudia anavaa viatu. Ananyanyua kamba, anainama, anapita. Wenzake wanamfuata mmoja mmoja. Mmoja amebeba gongo lililochongwa kwa mbao. Mwingine anachomeka vijiti vitatu ardhini.)

Wale mabinti wanaovuka kamba, karibuni, viti vipo huku, ingawa si vya kwenu. Ndugu wananchi, nikisema "Matarajio," mtajibu "Yametimia." Matarajio!

(Umati: "Yameonjwa!")

Karibu sawa. Nikisema "Kriketi," mtajibu "Kwa maendeleo." Kriketi!

(Umati: "Kwa vitunguu!")

Mnajitahidi. Sasa naomba nitoe shukrani nishuke, maana sahani zinapoa. Kwanza, namshukuru Mgeni Rasmi kwa hotuba yake nzuri. Pili, naishukuru Kamati ya Maandalizi, na kamati iliyoiandaa. Tatu, namshukuru mzabuni wa mabati, ambaye ni shemeji yangu lakini alishinda kwa haki, kwa kuwa alikuwa peke yake. Nne, nawashukuru senene. Tano, nawashukuru ninyi watu wa Ijumbi kwa kuulinda uwanja huu mwaka mzima bila kukanyaga hata unyasi mmoja, nyasi ambazo wapiga picha watakapo—

(Paa! Mpira unaruka kutoka katikati ya uwanja, unavuka mpaka hewani, unagonga bati jipya kwa mlio wa kufika kanisani. Senene waliosalia mapipani wanatimka. Umati mzima unasimama: "SITA!")

Sita! Ahsanteni sana kwa kunikumbusha, ningeisahau. Sita, na hii ndiyo shukrani kubwa kuliko zote, naishukuru kampuni yenyewe ya huko ng'ambo, mdau wetu namba moja, ambayo tutaiandikia barua yetu ya kwanza, kuitaarifu juu ya uwanja huu, juu ya wapiga picha inaotakiwa kutuletea, na juu ya gemu yetu hii tunayoizindua leo, mara tu tutakapofahamu inaitwaje na iko nchi gani.

(Paa! Bati la pili. Watu wamegeuza viti na mikeka; jukwaa sasa linatazama migongo. Mzee Kahigi amekata kamba kwa panga lake na kuivuta pembeni ili aone vizuri. "SITA!")

Hiyo nimeshaisema, waitu. Sita nimeshaisema. Geukeni basi, sijafunga mkutano... Protase, hawa watu wanatazama nini kule?

(Protase, ambaye amesahau kuwa kipaza sauti kiko mkononi mwake na kimewashwa: "Gemu, mheshimiwa.")