Uzinduzi wa Wodi ya Watoto Wenye Majipu Sugu

Mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi wa mgeni rasmi, waheshimiwa wenyeviti wa kamati zote na wa ile kamati ya kuratibu kamati, wakuu wa idara, wakuu wastaafu ambao bado hamjarudisha magari, wazazi, wagonjwa mnaoweza kusimama, na nyinyi wengine mliojileta wenyewe: itifaki imezingatiwa. (Makofi ya meza kuu.)

Leo, chini ya fremuweki shirikishi ya kujenga kapasiti, tunazindua Wodi Maalumu ya kupambana na kidudu kiitwacho stafilokoka, ambacho daktari wetu amenieleza, mpaka chai yangu ikapoa, kwamba huanza na kajipu tu, kisha hupenya kwenye damu, huhamia mifupani na kwenye mapafu ya mtoto, na kwamba dawa za kubahatisha hazifai, bali damu ichukuliwe ikaoteshwe maabara hadi kidudu kionekane, mtoto atundikiwe antibiotiki ya mshipa papo hapo, na usaha utolewe kwa kisu. Nikamwambia, daktari, hayo ni ya utekelezaji. Sisi huku juu tunashughulikia maono. (Kicheko. Daktari hacheki.)

Takwimu zinajieleza. Tangu nishike ofisi hii, maabara yetu haijagundua mtoto hata mmoja mwenye kidudu hicho. Wenye kijicho wanasema ni kwa sababu haina kifaa cha kuoteshea damu. Wacha waseme, mti wenye matunda ndio hupigwa mawe. (Makofi hafifu.)

Naona mama pale mbele amesimama na mtoto mgongoni. Sema, mama, ofisi yangu ni sikivu. ("Mzee, mwanangu anawaka homa. Alianza na jipu, sasa paja limevimba, hataki hata liguswe. Nimwingize wapi?") Swali zuri sana, na limepokelewa. Mkataba wa huduma unatamka wazi kwamba mtoto wa namna hiyo ataonwa ndani ya saa moja, pindi huduma itakapoanza. ("Itaanza lini, mzee? Huyu hawezi kungoja.") Ipo kwenye mchakato, mama. Subira huvuta heri. (Minong'ono. Daktari anainuka, anamwendea mama.)

Sasa nakata utepe. (Anakata. Mama anamtangulia daktari, anausukuma mlango kwa bega.) Tuseme sote: Mtoto Kwanza, Jipu Baadaye! Mkono wa Serikali, Afya ya Mwili! (Mtu mmoja anakohoa.)

Kwa kumalizia, namshukuru kwa dhati fundi seremala, aliyetuazima mlango huu mpaka jioni na kuupigilia kwa ustadi kwenye ukuta wa nyuma wa stoo, maana mwongozo wa uzinduzi unadai utepe, na utepe unahitaji mlango, lakini chumba, mwongozo haukukitaja popote. Kwa hiyo, mama, acha kusukuma, hapo nyuma ni tofali tupu. Na huyo mtoto mshike vizuri asije akaegemea, rangi bado mbichi.